Tairi Lililoshikwa na Mtani

Gari langu ni la zamani, lile lenye mgongo mrefu ambalo ukilaza kiti cha nyuma unapata uwanja wa kupakia. Nabebea mihogo kutoka Ziwani, mibichi na mikavu, naileta sokoni mjini. Tairi la akiba hukaa chini kabisa, kwenye shimo la buti, limefunikwa kwa ubao, na juu ya ubao ndipo yanapokaa magunia. Maana yake ukipata pancha njiani ukiwa na mzigo, unashusha magunia yote kwenye vumbi ndipo ulifikie tairi, kisha unapakia upya. Mdogo wangu wa kiume, ambaye anafanya kazi bandarini na kwa hiyo anajiona mtaalamu wa mizigo, alikuwa akinicheka kila aliponikuta napakia.

"Dada, toa hiyo spea uweke gunia jingine. Siku hizi nani anabeba spea? Kuna simu, kuna bodaboda, kuna mafundi kila kona."

"Kona ya Ziwani ina fundi gani?"

"Utanipigia mimi."

"Nikikupigia utakuwa umening'inia kwenye kreni."

"Basi utanisubiri. Wewe mwenyewe hujawahi kupumzika, itakuwa ndiyo likizo yako."

Sikumjibu sana, kwa sababu jibu langu lilikuwa refu. Mama alitangulia, baba akafuata kabla hatujazoea kwamba mama hayupo. Nilikuwa kidato cha pili. Nilikunja sketi ya shule nikaiweka chini ya godoro, nikidhani nitaivaa tena muhula unaofuata, na mwishowe niliifumua nikamshonea mdogo wetu wa mwisho gauni la kushindia. Mtu aliyepita njia hiyo hawezi kuwa na kibiriti kimoja ndani ya nyumba. Mimi nina viwili, na ndoo ya pili iliyojaa maji hata siku ambayo bomba linatoka, na ufunguo mwingine kwa jirani. Tairi la tano kwangu halikuwa jambo la kujadili. Nililibeba miaka yote bila kulihitaji, na kutolihitaji hakukunifanya nilione mzigo.

Huyo mdogo wa mwisho ndiye niliyemlea kwa mgongo. Nilikwenda naye shamba, kisimani, sokoni, amelala huku amenishika sikio kama mtu aliyeshika mlango usifungwe. Akasoma. Nilihakikisha anasoma. Sasa ni mwalimu, ameolewa na mwalimu mwenzake huko Songea, kwenye baridi. Tangu aondoke nimekuwa na tabia ya kupika wali mwingi kuliko watu waliopo.

Alinipigia simu alasiri moja nikiwa natwanga kisamvu.

"Dada, umekaa?"

"Natwanga."

"Kaa kwanza."

Nikakaa juu ya ndoo. Akaniambia ana mimba. Nilishika mchi kwa mikono miwili.

"Dada? Upo?"

"Nipo. Usinyanyue ndoo ya maji."

Akacheka. "Huku maji yako ndani, Dada. Yanatoka bombani."

"Hata hilo bomba usilifungue kwa nguvu."

Kwetu mimba ya kwanza hurudi nyumbani. Ikikaribia, mume humleta mkewe kwa mama yake, na huko ndiko anakojifungulia, anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji wenye pilipili manga, na hatoki nje mpaka arobaini itimie. Mama yetu hayupo, kwa hiyo nyumbani kwake ni kwangu, Likombe, hapa mjini. Hatukulizungumza hilo. Mambo ya namna hiyo hayazungumzwi, yanajulikana. Nilipaka chokaa chumba cha pili, nikabadilisha kamba za kitanda, nikaanza kusubiri.

Kila mwaka kabla ya Ramadhani tunakwenda Ziwani, kwenye nyumba ya baba, kuwasomea dua wazazi. Makaburi yako nyuma ya nyumba, mwisho wa mikorosho. Tunafagia, tunasoma, tunakula pamoja na majirani, na watani wanakuja. Bila watani shughuli hainogi. Ukoo wao na wetu walipatana zamani, na tangu hapo wana ruhusa ya kututukana mbele ya wageni, kuonja nyama kabla ya wenye shughuli, na kushika chochote chetu mpaka tukikomboe. Kukasirika ni mwiko. Aliye hodari kuliko wote ni mama mmoja aliyekuwa shoga wa mama yetu tangu usichana wao. Siku ya kumzika mama ndiye aliyelala chini njiani akazuia jeneza lisipite, akidai marehemu hajamrudishia chungio. Watu walicheka huku wanalia. Mimi namwita mtani, naye ananiita mtani, ingawa umri wake ni wa mama yangu.

Mwaka huo alifungua buti la gari kutafuta sahani, akakuta ubao umeinuka. Akaufunua. Nikamsikia kutoka jikoni.

"Njooni muone! Njooni muone mwizi wa miguu!"

Nilipotoka alikuwa ameshalitoa tairi, analiviringisha uani kama mtoto.

"Hili la nini?"

"La akiba, mtani. Likipasuka moja nafunga hilo."

"Gari lina miguu minne kama mbuzi wa watu. Nyie mmewahi kuona mbuzi anatembea na mguu wa tano kaubeba tumboni?"

Uani kulilipuka vicheko. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyecheka zaidi, akapiga na makofi.

"Lirudishe, mtani. Njia mbaya."

"Likomboe."

"Kwa kitu gani? Nikuletee kuku?"

"Kuku wenu wamekonda kama nyie, niwafanyie nini?" Akaketi juu ya tairi, akatandaza kanga yake vizuri, akawatazama watu wote. "Nataka alikomboe yule mtoto wenu mliyemuuza kwenye baridi. Toka aolewe hajaja kuwaona wazazi wake hapa. Aje yeye mwenyewe kwa miguu yake, anitie mkononi hata kipande cha muhogo, nitampa. Asipokuja, tairi langu."

Hakujua. Habari ya mimba tulikuwa hatujaitoa nje. Watu walikuwa bado wanacheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni nilishukuru kama mtu aliyewekewa shahidi. Nilijua mdogo wangu anakuja, tena anakuja na tumbo, na mtani atapigwa na butwaa hapo hapo uani. Nikamwambia, "Sawa, mtani. Lishike." Jioni nikarudi mjini na shimo tupu kwenye buti.

Ndivyo nilivyoanza kuendesha bila spea, mimi niliyekuwa na kibiriti cha pili. Siku za mwanzo nilisikia kila jiwe. Barabara ya kwenda shamba ina mahali mawe yametokeza kama magego, na nilipokuwa nikipita hapo nilishika usukani huku nimeinua mabega, kana kwamba naweza kulipunguzia gari uzito. Fundi pancha wa hapa mtaani kwetu, ambaye hunijaza upepo kila wiki, alishangaa.

"Mama mihogo, spea yako imeibwa?"

"Imeshikwa na mtani."

"Basi imekwenda hiyo. Chukua hili hapa, la mtumba lakini linafika. Utanilipa ukiuza."

Lilikuwa tairi zuri, na saizi yake. Nililigeuza, nikalipigapiga, nikamrudishia. Nikamwambia nitasubiri langu. Sikuweza kumweleza kwamba nikibeba jingine nitakuwa nimemwambia mtani achukue lile moja kwa moja, kwamba mtu anayengojewa hatakuja. Mdogo wangu wa kiume alidhani hatimaye nimekubali maneno yake. Akanishauri nipakie gunia la ziada pale kwenye shimo. Sikupakia gunia. Kidogo kidogo nikawa natumbukiza humo vitu nilivyovipata njiani: pilipili manga ya kijijini, chupa ya mafuta ya nazi niliyopikiwa na jirani, kanga za zamani za mama ambazo nilizifua mpaka zikawa laini za kumfungia mtoto. Ningeweza kuvishusha nyumbani. Sikuvishusha. Nilipenda kwenda navyo na kurudi navyo.

Wakati mwingine, nikiwa peke yangu njiani na magunia, nilikuwa namweleza mdogo wangu mambo kwa sauti. Kwamba mkorosho wa karibu na kaburi la baba umeanza kuchanua. Kwamba chumba chake kina dirisha la upande wa upepo. Sisemi kwamba nilikuwa na furaha, maana kungoja hakuna raha. Lakini nilikuwa na mahali pa kuelekeza macho.

Akapiga tena simu. Safari hii hakuniuliza kama nimekaa.

"Dada, nimetoka kliniki. Presha inapanda. Daktari amesema nisisafiri. Hata Namtumbo hapo asingependa niende."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Miguu tu imevimba. Wamesema nipumzike, na nijifungulie hapa hapa."

"Sawa."

"Mama mkwe amesema atanikanda yeye. Amehamia hapa jana."

"Anajua?"

"Amezaa watoto wake wote, Dada."

"Sikuulizi kama kazaa. Nauliza kama anajua kwamba wewe unaogopa maji ya moto."

Kwa nyuma nilisikia mtu anaosha vyombo, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuzoea jikoni pale. Kisha mdogo wangu akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka kuja, Dada. Nilishafunga na begi."

"Najua."

"Umekasirika?"

"Nimkasirikie nani? Kanyanyue miguu."

Niliingia katika chumba cha chokaa nikakaa juu ya kitanda kisicho na godoro. Nilimlilia mama siku hiyo kuliko siku ya kumzika, kwa sababu siku ya kumzika nilikuwa na mtoto mgongoni na watu wa kuwapikia. Nililia kwa ajili ya jambo ambalo hata kulitaja ni aibu: kwamba mtoto yule nilimlea mimi, na saa ya kuitwa mama ilipofika, imekwenda nyumba nyingine.

Nilipomaliza nikanawa uso. Kama mimba haiwezi kurudi nyumbani, nikawaza, nyumbani si mawe. Naweza kwenda.

Mdogo wangu wa kiume alipojua aliniambia nipande basi. Nikamwambia basi litanipeleka, lakini mimi nataka kurudi na watu, mama na mtoto, arobaini ikiisha, nao hawawezi kubanwa kwenye basi. Akanitazama, akaacha utani.

"Kutoka Masasi kwenda Tunduru ni pori, Dada. Kuna mahali hata simu inakukana. Huko usiende bila spea. Huko beba hata mbili."

Kwa hiyo nikaenda Ziwani.

"Hodi, mtani."

"Karibu, kama umekuja na mkombozi."

"Sikuja naye. Nimefuata tairi."

"Tairi lina mpangaji."

Akanipeleka nyuma ya jiko. Tairi langu lilikuwa limelazwa chini penye kivuli, na katikati yake, juu ya majani makavu, kuku alikuwa ameatamia. Alinitazama kwa jicho moja, akajitandaza zaidi.

"Umemweka makusudi," nikasema.

"Nani anampangia kuku? Kaona pazuri kuliko kwenu."

Nikakaa kwenye kigogo, nikamweleza yote: mimba, presha, daktari, mama mkwe aliyehamia. Alikuwa akimenya muhogo. Aliumenya mpaka mwisho, akamenya na mwingine.

"Kwa hiyo mtoto haji kwa mama. Mama ndiye anayefunga safari."

"Ndiyo."

"Mama mwenyewe ndiye wewe, kidomo hiki."

"Ndiye mimi, mtani."

Akatupa ganda. "Haya. Kulikomboa huwezi, sharti niliweka mbele ya watu, tena uani kwa marehemu. Lakini kuazima unaweza. Ukirudi, unalirudisha."

"Mtani, tairi ni langu!"

"Lilikuwa."

Kuku anayeatamia hahamishwi jua likiwaka, atasusa mayai. Tukasubiri giza lianze kuingia. Akamnyanyua kuku kwa mikono miwili akimnong'oneza matusi, mimi nikahamishia mayai kwenye tenga lililotandikwa majani yale yale. Kuku akazunguka humo, akapekua, akakaa. Sisi tukaviringisha tairi mpaka kwenye gari. Ilinibidi nitoe vitu vyote vya mtoto kwenye shimo ili tairi lirudi mahali pake, nikaviweka kiti cha mbele na kuvifunga mkanda. Mtani alisimama dirishani.

"Ukamwambie nimemkasirikia."

"Nitamwambia."

"Na amkande vizuri huyo mwenye presha. Asimwogope huyo mama mkwe."

Ni mimi aliyekuwa akiniagiza, lakini alisema kama anamwagiza mtu mwingine.

Niliondoka baada ya fundi kulijaza upepo. Nilipita Masasi, nikaingia porini. Pori lilikuwa kama nilivyoambiwa, miti na barabara nyeusi na miti, na kwa muda mrefu hakuna gari. Nililala Tunduru, nikaamka na ukungu, na hakuna tairi lililopasuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo kiasi kwamba niliona kama nimenyimwa kazi, na mawazo yote yakahamia kwa mama mkwe. Toka Masasi nilikuwa natunga maneno ya kumwambia. Mengine yalikuwa ya heshima, mengine hayakuwa.

Alinifungulia mlango yeye mwenyewe. Mama mfupi, amevaa sweta juu ya kitenge, mikono ina povu la sabuni. Alinitazama, akatazama gari, akatazama zile kanga zilizofungwa mkanda. Kisha akageuka akaita ndani:

"Mwanangu! Amka, mama yako amefika!"

Maneno yangu yote ya toka Masasi yakaanguka pale kizingitini.

Mtoto alizaliwa hospitali, wa kike, kwa upasuaji, na wote wawili wakatoka salama. Nyumbani mama mkwe alichemsha maji na mimi nikakanda, taratibu, mbali na kidonda, nikimwambia mdogo wangu kabla kila kitambaa hakijamgusa. Jioni tulikaa sisi wanawake watatu kwenye kitanda kimoja kwa ajili ya baridi, mtoto katikati. Mdogo wangu aliniuliza habari za nyumbani, nami nikamweleza polepole, sikumaliza. Alitaka kusikia hata mambo ya kijinga, jinsi mabibo yanavyonuka yakioza chini ya mikorosho. Aliniambia amesahau joto linavyokuwa asubuhi. Nilimweleza habari za tairi na kuku, akacheka mpaka akashika mshono.

Arobaini ilipotimia nilisafisha gari ndani na nje. Aliniona kutoka barazani, amempakata mtoto.

"Dada," akasema, "kliniki ya mtoto iko hapa. Na mimi wananitaka nirudi niangaliwe. Na baba yake..."

"Najua."

"Likizo, Dada. Mtoto akishika shingo. Nitakuja likizo."

"Njoo likizo," nikasema.

Nilirudi peke yangu. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, na mkanda wake ulikuwa ukigongagonga mlango kila penye shimo, mpaka nikasimama kuufunga juu ya hewa.

Mdogo wangu wa kiume alisema sasa kwa kuwa spea imerudi niifunike kwa ubao na tusahau jambo hili. Hata mimi nilikaa na tairi siku chache. Nilipakia magunia juu yake kama zamani, nikapita penye mawe bila kuinua mabega, na kila nilipofika mjini salama nilijiona kama mtu aliyekaa kiti cha mwingine. Sharti lilikuwa halijatimizwa. Nikikaa na tairi, ni sawa na kusema tumekwisha kumalizana, hakuna anayengojewa. Nikalitoa nikalipeleka Ziwani.

Mtani alitoka jikoni, akashangaa kweli.

"Nani kakuambia ulirudishe? Si nilikuwa natania!"

"Ulisema mbele ya watu, uani kwa marehemu."

"Na ukipata pancha?"

"Nitaita fundi. Mwenye kulikomboa anakuja likizo."

Hakunibishia. Akanisaidia kulilaza mahali pale pale nyuma ya jiko. Vifaranga, wakubwa sasa, walikuja kulichungulia wakaondoka. Akaketi juu yake, akanikaribisha kigogo.

"Haya, nipe habari. Kafanana na nani?"

"Na mama."

"Mama yenu?"

"Mama yetu."

"Mpaka pua?"

"Pua ndiyo hasa, mtani."

"Masikini wa Mungu," akasema. "Mtoto wa kike, na pua ile! Ataolewa na nani?"

Tukacheka, yeye kwa sauti yake ya kufika bonde la pili, tukacheka mpaka kuku wakakimbia. Kisha akavuta pindo la kanga akajifuta uso, akajifuta tena, akaniambia nisimtazame, ni moshi wa jikoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.